Makala Sitini na Moja za Daktari Ornuma

Wanawake watatu waliandika makala sitini na mbili za sayansi, na mwanamke mmoja anadai sitini na moja kati ya hizo ni zake. Hivyo ndivyo Daktari Phongsathon, Naibu Mkuu wa Kitivo, alivyoieleza kesi hiyo saa tatu asubuhi, akikoroga kahawa ya barafu kwa hasira utadhani nayo imemkosea.

"Kwa nini kaacha moja?" Withun aliuliza.

"Moja ipi?"

"Umesema sitini na mbili. Yeye anadai sitini na moja. Mwizi anayesomba ghala zima haachi gunia moja mlangoni."

"Atakuwa kakosea kuhesabu, Mjomba. Wezi nao ni binadamu."

Withun Saelim hakubisha. Alikuwa mpelelezi wa polisi hapo Songkhla kwa miaka thelathini na moja, akifukuzana na pikipiki za wizi na hati bandia za viwanja, na alipostaafu chuo kikampa mkataba wa kuwachunguza wasomi. Alidhani angepumzika. Akaja kugundua kwamba msomi akiiba, huiba na rejea kamili chini ya ukurasa.

Kesi ilikuwa hivi. Daktari Ornuma Thipsamut, mtaalamu wa vinasaba vya kamba wa mabwawani, aliomba uprofesa. Aliambatisha orodha ya kazi zake, kurasa nne. Phongsathon alipoingia kwenye kanzidata ya makala za dunia nzima, alikuta Ornuma ana makala ishirini na moja tu. Ishirini na mbili zilikuwa za mtu aitwaye Kanlaya Sukkho. Kumi na tisa za mtu aitwaye Wanphen Thongnuan. Na ile orodha ya kurasa nne ilikuwa na vichwa vya makala, mwaka na jarida. Majina ya waandishi hayakuwemo hata kwenye mstari mmoja.

"Mtu mkweli anaficha majina ya nini?" Phongsathon alisema. "Njia ya mwongo ni fupi, Mjomba. Kamati inakaa saa nane mchana. Ikithibitika, anafukuzwa, na maabara yake anapewa mtu mwingine."

"Huenda alibadilisha jina."

"Na mimi nilifikiria hilo! Usidhani mimi mgeni wa nchi hii. Mke wangu kabadilisha mara mbili, mara ya pili kwa sababu saluni yake ilidoda. Nusu ya niliosoma nao wamebadilisha. Nikasema labda Muay naye alikwenda hekaluni akapewa jina la bahati. Sasa tazama hii."

Muay ndilo lilikuwa jina la nyumbani la Daktari Ornuma, na kama ilivyo kwa kila mtu hapa, ndilo aliloitwa kuanzia jikoni kwa mama yake hadi ofisini kwa mkuu wa chuo. Majina marefu hukaa kwenye kitambulisho na kwenye cheti cha kifo. Withun mwenyewe, ukimtafuta sokoni kwa jina la Withun, hutampata hadi kesho.

Phongsathon alimsukumia makala moja. Waandishi walikuwa watano. Wa pili aliitwa Wanphen Thongnuan. Wa nne aliitwa Kanlaya Sukkho.

"Mtu mmoja," alisema Phongsathon, akigonga kidole kwenye jina moja kisha kwenye la pili, "hawezi kukalia viti viwili."

Withun alisoma mara tatu.

"Faili lake la ajira?"

"Lilikwenda na mafuriko, pamoja na ghorofa nzima ya chini. Tulilonalo lilianzishwa upya, na ndani yake yumo Ornuma peke yake."

*

Maabara ilikuwa nyuma ya jengo la kemia. Mbele yake kulisimama kijumba cha mizimu ya mahali, na mbele ya kijumba chupa ya soda nyekundu yenye mrija, iliyotolewa sadaka Jumatatu ili mashine ya kunakili vinasaba isinune. Withun aliikunjia viganja kwa heshima, akavua viatu.

Mlangoni alikaa Shangazi Jit, mtunza sampuli, mwanamke wa miaka sitini na ushee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa hapo tangu maabara hii ilipokuwa kituo kidogo cha serikali kule Ranot, kabla chuo hakijakimeza. Alimwandika Withun kwenye daftari la wageni kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa hakuwaamini wageni na kalamu.

Daktari Ornuma alikuwa akisaga mikia ya kamba kwenye kinu kidogo cha plastiki. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mfupi, mikono ya mtu wa sokoni.

"Mwalimu, nimetumwa na kamati."

"Najua. Kaa. Hiyo trei usiiguse."

"Kuna makala sitini na mbili..."

"Sitini na moja."

"Ni zako?"

"Zangu."

"Zote? Hata za Kanlaya Sukkho?"

Mkono uliokuwa ukisaga ukasimama.

"Mjomba, jina hilo usilitaje humu ndani."

"Na Wanphen?"

"Hilo pia."

"Ni marehemu hao?"

Ornuma alifikiri kidogo. "Unaweza kusema hivyo."

Katika miaka yake yote ya polisi Withun alikuwa amewakamata watu walioiba kwa walio hai, kwa waliolala, hata kwa walevi. Aliyeiba kwa maiti alimkamata mmoja tu, na hakupenda kumkumbuka.

"Walikufaje?"

"Mjomba, nina sampuli za watu wa Ranot hapa. Kamba wao wana siku ishirini na sita. Wakifika siku ya thelathini bila jibu, bwawa zima linakwisha. Wana mkopo, wana watoto. Niulize kitu kifupi."

"Kifupi ni hiki. Nisainie ruhusa niende ofisi ya wilaya nikaangalie daftari la majina. Bila saini yako hawanifungulii."

"Sisaini."

"Basi saa nane nitaandika kwamba umekataa. Unajua watakachofanya."

"Andika."

"Watakufukuza, Mwalimu. Na haya watampa mtu mwingine." Alionyesha kwa kidevu majokofu matatu marefu yaliyokuwa yakinguruma ukutani. Ndani yake mlikuwa na kamba wagonjwa wa miaka ishirini, kutoka kila wilaya ya kusini.

Hapo ndipo uso wa Ornuma ulipobadilika. "Waandike watakavyo juu yangu," alisema. "Ila waambie wasiyazime. Hata saa moja."

Withun alitoka akiwa na maswali mengi kuliko aliyoingia nayo. Mwizi akibanwa hujitetea yeye kwanza, na huyu alitetea majokofu. Alisimama mezani kwa Shangazi Jit.

"Shangazi, unamjua Kanlaya Sukkho?"

"Simjui."

"Wanphen Thongnuan?"

"Ndiye nani tena? Nimeosha kila chupa ya humu kwa miaka ishirini na sita. Hao hawajapita hapa."

Withun aliandika kwenye kijitabu chake: marehemu wawili, hakuna aliyewahi kuwaona wakiwa hai. Mambo yalikuwa mabaya, tena yalizidi kuwa mabaya.

*

Mkutubi aliitwa Tik, naye hakuwa mtu wa kunyenyekea polisi, mstaafu au asiye mstaafu.

"Unataka kupima kazi ya mtaalamu wa vinasaba, na hujui hata kimo ni nini?"

"Nifundishe, mwanangu. Mimi nilizoea kupima pikipiki."

Tik alichapa vichwa vya makala zote, kila kimoja kwenye kipande chake cha karatasi, pamoja na idadi ya mara ambazo watafiti wengine waliitaja katika kazi zao. Akatenga mafungu matatu. Fungu la Kanlaya akalipanga mezani kwa mstari, iliyotajwa mara nyingi zaidi ikiwa ya kwanza.

"Tembea na mstari huku ukihesabu," alisema. "Ya kwanza imetajwa mara mia sita na arobaini. Ya pili, mia tatu na kumi. Endelea. Unasimama pale namba ya hatua yako inapotaka kuzidi idadi iliyoandikwa. Umesimama wapi?"

"Ya kumi na tatu imetajwa mara kumi na tano. Ya kumi na nne, mara kumi na moja."

"Basi unasimama kumi na tatu. Maana yake Kanlaya ana makala kumi na tatu ambazo kila moja imetajwa angalau mara kumi na tatu. Hicho ndicho kimo chake. Makala moja yenye kelele haikurefushi, wala makala mia ambazo hakuna anayezisoma. Uprofesa wa hapa unataka kimo cha ishirini."

Wanphen alisimama kwenye kumi na nne. Ornuma alisimama kwenye kumi na mbili.

"Watu watatu wa kawaida," alisema Tik. "Nimeona wafupi zaidi wakitembea kwa maringo."

Withun aliyatazama mafungu. Kisha akafanya alichofanya maisha yake yote akiletewa mali ya wizi. Alipanga kwa tarehe.

Hapo hakuhitaji kufundishwa. Makala za Kanlaya zilianza miaka ishirini na moja nyuma, zikaja mfululizo, zikakoma. Kimya cha miezi kumi na moja. Kisha akaanza Wanphen. Akaenda, akaenda, akakoma. Kimya cha miezi kumi na minne. Kisha akaanza Ornuma. Hakuna mwaka ambao wawili kati yao walikuwa wakiandika pamoja, isipokuwa ile makala moja ya Phongsathon, yenye majina yote mawili, iliyotoka mara tu baada ya kimya cha kwanza.

"Iko kwenye fungu hili," Withun alisema polepole, "na iko kwenye fungu hili. Ni ileile."

"Kumbe tumeihesabu mara mbili," Tik alisema. "Ziko sitini na moja!"

"Naibu Mkuu alijumlisha mafungu. Mwenye mali alihesabu mali yake. Nisomee vichwa, mwanangu. Kwa mpangilio huu huu, na kwa lugha ninayoielewa."

Tik alisoma, na kila kimoja akakifasiri. Kanlaya aliuliza kirusi kinachoua kamba kinaingilia wapi. Akapata mlango. Akauliza mlango ule unafunguliwa na nini. Makala yake ya mwisho ilimalizia kwa swali: je, tunaweza kukiona kirusi kabla hakijafungua? Miezi kumi na moja. Makala ya kwanza ya Wanphen ikajibu: ndiyo, tunaweza. Wanphen akatengeneza kipimo, akakipunguza bei, akakipunguza muda, kutoka siku mbili hadi nusu siku, na mwishoni akauliza kama mkulima anaweza kupima mwenyewe kando ya bwawa bila mashine. Miezi kumi na minne. Makala ya kwanza ya Ornuma ilikuwa na picha ya kijikaratasi, beseni na mkono wa mkulima.

Tik alikuwa ameacha kusoma kwa sauti ya dharau. Sasa alikuwa ananong'ona.

"Changanya mafungu," Withun alisema. "Panga upya kwa kimo."

Meza haikutosha, wakashuka sakafuni. Walikwenda kwa magoti katikati ya makabati, Tik akihesabu. Kumi na mbili wakaipita. Kumi na tatu, kumi na nne. Ishirini wakaipita, na Tik akacheka kwa mshangao. Ishirini na tano. Ishirini na saba, iliyotajwa mara thelathini. Ishirini na nane ilitajwa mara ishirini na tano, na hapo wakasimama, wamefika mlangoni.

"Kimo cha ishirini na saba," Tik alisema. "Mjomba, katika chuo hiki anayefika hapo ni mmoja, na ana miaka sabini."

"Hao waliozitaja, wako wapi?"

Tik alifungua orodha. Ekwado. India. Vietnam. Meksiko. Madagaska. Ukurasa baada ya ukurasa wa watu wasiomjua, ambao kila mmoja alikuwa amesimama juu ya kazi yake ili kufikia kitu kilichokuwa juu zaidi. Withun aliona kuwa amevua kofia bila kukusudia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mstari wa karatasi, akastaajabu, waziwazi, mzee mzima, na hakuona aibu. Miaka ishirini na moja mtu huyu alikuwa akiuliza swali moja, na dunia ilikuwa imemgawa vipande vitatu ikaona kila kipande ni kifupi.

Lakini viti viwili vilibaki viti viwili. Kamati isingekubali kustaajabu kuwe ushahidi. Ilikuwa saa sita kasoro.

*

Shangazi Jit alimsukumia daftari la wageni asaini kwamba amerudi. Withun aliinama, akaona alivyoandikwa asubuhi: Mjomba Daeng, wa kesi.

"Shangazi, mimi naitwa Withun."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Basi hongera. Mimi nakujua kwa Daeng, tunanunua wali kibanda kimoja."

Withun alibaki ameinama. Kisha akauliza taratibu sana, kama anayehofia kumshtua ndege: "Naibu Mkuu, yule Ton, jina lake rasmi nani?"

"Si Ton?"

"Na yule binti wa mashine?"

"Fon."

"Na Muay?"

"Muay ni Muay! Leo umeamkaje, Daeng?"

Akamwekea mezani makala yenye majina matano. "Hii ilitoka enzi za Ranot. Nani aliandika haya majina?"

Jit alivaa miwani vizuri. "Mimi. Marehemu Profesa Chuan, mkuu wetu wa Ranot, alikuwa kalazwa na presha, jarida linataka majina rasmi siku ileile, na Muay hakuwepo. Naye alikuwa... alikuwa karudishwa hospitali." Alitazama pembeni. "Profesa akaniambia kwa simu, weka kila aliyezigusa sampuli hizi, usisahau mtu. Nikachukua majina kwenye lebo za chupa, maana lebo za serikali zilitaka majina marefu. Halafu nikaongeza ya kwenye orodha ya mishahara ya mwezi ule, kwa usalama."

"Lebo zilikuwa za zamani."

"Za miaka miwili nyuma."

"Na mishahara ilikuwa ya mwezi huohuo. Na hukumuuliza mtu, huyu Kanlaya ni nani na huyu Wanphen ni nani?"

"Nimuulize nani, na wenzake wenyewe hawajuani kwa majina hayo? Majina marefu kwangu ni sawa na namba za magari." Kisha mkono wake ukapanda mdomoni. "Daeng. Nimemwandika Muay mara mbili?"

"Umemkalisha viti viwili, Shangazi. Na leo wanataka kumwondolea vyote."

*

Ornuma alikuwa amemaliza mikia. Withun alifunga mlango, akakaa mbali na trei.

"Kanlaya alinyamaza miezi kumi na moja," alisema. "Wanphen alinyamaza kumi na minne. Mara ya kwanza ulikuwa hospitali; ya pili, bila shaka, vilevile. Sikuulizi, Mwalimu. Nadhani nimejua."

Ornuma aliisogeza trei pembeni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya kipimo:

"Wa kwanza alikuwa mvulana. Aliishi saa mbili. Mama akanipeleka hekaluni, nikapewa jina la Wanphen, na la ukoo nikachukua la mume wangu. Wa pili hakulia kabisa. Safari hiyo mtawa mkuu alitubadilishia wote wawili, mimi na mume, mpaka la ukoo. Akasema yale ya zamani tuyaache njiani. Yasiitwe pamoja na hili jipya, yasije yakamjua mtoto yakamfuata."

"Na wa tatu?"

"Praew. Ana miaka kumi na mmoja. Anachukia kamba."

"Na wewe unaamini?"

"Mjomba, mimi nasoma vinasaba. Najua kilichowaua wanangu, nilikipima mwenyewe kwa mashine ile pale. Mimi na baba yao tumebeba kasoro moja ya damu. Kila mimba ni bahati nasibu, mmoja kati ya wanne. Jina haliingii popote."

"Basi kwa nini usiandikie kanzidata wakuunganishe? Ni barua moja. Ungekuwa profesa miaka mitano iliyopita."

"Nimeiandika hiyo barua mara nyingi. Inatakiwa majina yote matatu kwenye mstari mmoja. Nikifika hapo mkono unagoma." Alijifuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa glavu zilikuwa na kamba. "Majina matatu, mtoto mmoja amepona. Sampuli moja, hakuna ulinganisho. Mhakiki yeyote angeitupa. Lakini mhakiki si mama yake Praew. Nikaandika vichwa bila majina. Nilidhani watasoma kazi."

Withun aliona haya kwa niaba ya watu wengi, yeye akiwemo.

"Kamati itataka yatajwe," alisema. "Yote matatu, kwa mdomo, yaingie kwenye kumbukumbu. Ushahidi ninao sasa, naweza kuwaambia. Ila bila ruhusa yako sifungui kinywa, hata wakinikatia mkataba."

"Ukiyasema wewe ni sawa na kuyasema mimi."

"Ndiyo. Kwa hiyo nimekuja kuuliza."

Ornuma alivua glavu moja, akaitazama, akaivaa tena.

*

Saa nane kamili, wajumbe saba walikuta meza yao ndefu imefunikwa karatasi. Mwenyekiti alikuwa Profesa Malinee, mkemia wa miaka sabini, mwenye kile kimo ambacho Tik alikitaja. Ornuma alikaa ukutani peke yake, mikono mapajani.

"Kabla hamjauliza ni za nani," Withun alisema, "naomba mtembee."

Walitembea, wakihesabu. Mwanzoni kwa tabasamu za watu wanaomstahi mzee, kisha bila tabasamu. Walipofika ishirini na saba mmoja akarudi mwanzo kuhesabu tena. Withun akawapangia upya kwa tarehe, na Profesa Malinee akasoma kutoka ncha hadi ncha, akiinama, kidole kikifuata. Kwenye kimya cha kwanza kidole kilisita. Kwenye cha pili kilisita zaidi. Aliposimama wima macho yake yalikuwa na maji.

"Nimekaa katika sayansi miaka arobaini na sita," alisema, "na sijaona swali moja likifuatwa kwa uaminifu namna hii. Huyu ni nani?"

"Ni watu watatu, Mwalimu," Phongsathon alisema. "Ndiyo hoja yangu. Na wawili kati yao wamekalia makala moja."

"Inspekta? Ni mtu mmoja au watatu?"

"Naomba nisijibu, Mwalimu."

"Umelipwa ujibu."

"Najua."

Phongsathon alifungua mikono kwa wajumbe, kama kusema mmeona wenyewe. Hapo Ornuma akasimama.

"Kanlaya Sukkho," alisema. "Wanphen Thongnuan. Ornuma Thipsamut." Aliyasema kwa pumzi moja, na alipomaliza alishika kiti. "Zote ni zangu. Nilizika watoto wawili chini ya majina mawili, na niliambiwa nisiyaite pamoja kwa usalama wa yule aliyebaki. Nimeyaita. Naomba ruhusa nipige simu."

Hakuna aliyecheka. Katika wajumbe wale saba, wanaume kwa wanawake, wenye shahada za nchi tano, hakuna asiyekuwa na hirizi ya hekaluni shingoni chini ya shati. Phongsathon aliishika yake kwa vidole viwili, akainamisha kichwa.

Ornuma alitoka, akauacha mlango wazi. Walimsikia akiomba mtu wa ofisi ya shule amwitie mtoto wa darasa la tano. Kisha hawakusikia kitu. Mjumbe mmoja alivuta karatasi ya kura, na Profesa Malinee akainua mkono kumzuia. Mkono ukabaki juu. Kiyoyozi kiliunguruma. Dakika moja ilipita, pengine mbili, na Withun, ambaye hakuwahi kumwomba mtawa yeyote kitu chochote, alijikuta anaomba.

"Praew? Ni mama. Umekula?"

Akasikiliza jibu.

"Wali mtupu si chakula. Kwa nini hukula mboga? Usinijibu hivyo, mimi ni mama yako."

Profesa Malinee alishusha mkono, akamgeukia mwandishi wa kumbukumbu.

"Haya," alisema. "Andika: mtu mmoja."